Padi Isiyo na Mashine

Masinde alikuwa ameketi kwenye kibanda cha intaneti pale Nateete, akinywa soda ya mtu mwingine, alipoiona habari iliyomsahaulisha hata kumeza. Kampuni moja kubwa ya ng'ambo ilikuwa imewaita waandishi wa dunia nzima, ikawasha mataa, ikapiga muziki, ikatangaza mashine mpya ya gemu. Halafu mashine yenyewe haikuonyeshwa. Ilionyeshwa padi tu, ile ya kushika mkononi. Na watu wazima, wenye suti na shahada, wakapiga makofi, wakaenda kuandika kurasa kwa kurasa jinsi padi hiyo ilivyonenepa huku na kukonda kule, na jinsi inavyotulia kiganjani, ilhali wengi wao hawakuwahi kuigusa.

"Mtu anakuonyesha usukani, na wewe unaanza kutafuta pesa ya gari," Masinde alimwambia mwenye soda. "Hawa watu ni wa kwetu kabisa."

Inafaa nimtambulishe bwana huyu mimi, maana akijitambulisha mwenyewe utapotea. Alikuwa Mkenya wa Bungoma, mrefu, mwenye koti la kijivu na viatu vilivyochongoka mbele. Kampala ilikuwa imeshamjua kama wakala wa majiko yasiyowaka, kama mchungaji msaidizi wa kanisa lisilo na mchungaji mkuu, na kama mtaalamu wa dawa ya panya iliyowanenepesha panya. Kikuubo, kwenye vichochoro vya maduka ya jumla, hakuweza tena kupita bila kujifunika uso kwa gazeti. Ilibaki kazi moja ya mwisho, kisha arudi kwao kwa heshima. Dada yake, Nabangala, alikuwa amempatia chumba karibu na stendi ya Bungoma, na alikuwa amewatangazia ndugu na majirani kwamba kaka anakuja kufungua ukumbi wa gemu. Benchi zilikuwa tayari, bango lilikuwa limechorwa, mchungaji wa kuombea alikuwa ameahidi kuja. Kilichokosekana ni mashine.

Basi akatengeneza padi. Alichukua ya zamani iliyovunjika, akabandika katikati yake kisahani cha plastiki chenye matundu, cha kuwekea sabuni, akaongeza kitufe cha shati upande mmoja na kitaa cha tochi upande wa juu, akaipaka yote rangi nyeusi. Ndani akatia betri mbili zilizokufa ili iwe nzito, maana mjinga hupima ukweli kwa uzito. Ilipokauka aliitazama akaipenda. Tatizo la matapeli ni kwamba wao ndio wateja wao wa kwanza.

Akaenda moja kwa moja kwa Akwero. Mama huyu alikuwa na ukumbi wa gemu nyuma ya soko la Nateete. Mumewe, Sajenti Oloya, alikuwa Somalia na jeshi, na ukumbi huo ndio uliolisha watoto wakati mshahara wake ukichelewa njiani. Wachezaji, wengi wao waendesha boda na wapagazi wa soko, walikuwa wameketi na kiatu kimoja kimoja. Masinde alidhani ni ufukara, akawadharau papo hapo. Kumbe ilikuwa sheria ya nyumba: ukichukua padi unaacha kiatu kwa mama, usije ukatoka nayo.

Mashine mbili zilizokuwa zikichezwa hazikuwa na vifuniko. Zilikuwa zimelazwa kichwa chini, matumbo nje, feni ikizipulizia. Lakini juu ya rafu, chini ya vitambaa vya kufuma, zilipangwa tatu nyingine, safi, zinang'aa, kila skrubu mahali pake. Macho ya Masinde yalipanda kwenye rafu ile, yakagoma kushuka.

"Mama, mimi ni mwakilishi wa kampuni, eneo lote la Maziwa Makuu," alisema. "Nimetumwa nikusanye maoni ya kwanza. Padi imetangulia. Mashine inakuja Desemba."

"Mashine yenyewe naona wapi?"

"Hiyo hawaonyeshi mtu. Hata wazungu wenyewe wameona padi tu."

Cha kusikitisha ni kwamba hii ilikuwa kweli, na huenda ndiyo kweli pekee aliyoitamka mwaka ule.

Akwero akawaita wenzake wawili wa biashara. Wa kwanza alikuwa Sulaimani, mwenye ukumbi Ggaba karibu na soko la samaki, mtu mwepesi wa kufurahi. Wa pili alikuwa Okidi, polisi mstaafu, ambaye aliacha kazi lakini hakuacha kushuku. Padi ikazungushwa mkono kwa mkono kama mtoto mchanga.

"Banange!" alisema Sulaimani. "Inarara mkononi yenyewe! Na hii ya pembeni?"

"Hicho ni kitufe cha kujisifu. Ukifunga goli unabonyeza, dunia nzima inaona."

"Hata watu ya Ggaba?"

"Hasa hao."

Sulaimani alikibonyeza kitufe cha shati kwa upole, macho yakamlegea. Okidi akaipokea, akaipima kiganjani, akakunja uso jinsi alivyokuwa akikunja zamani mbele ya washukiwa.

"Iko mzito," alitoa hukumu. "Kitu mzito haiwezi kuwa ya uongo. Mimi nilikuwa polisi, najua."

Ndiyo maana uhalifu haukuisha wakati wake.

Akwero aliishika mwisho. Alipitisha kidole gumba katikati, akaigeuza kwenye mwanga. "Hii matundu ni ya nini?"

"Sauti, mama. Padi inaongea."

"Inasema nini?"

"Inategemea umefungwa mangapi."

Akwero akacheka sana. Akaipeleka puani, akanusa, akamrudishia. "Kweli hii ni kitu mpya," alisema. "Harufu yake tu ni safi."

Hapo Masinde akamwaga sera. Kampuni ilitaka mtu mmoja tu kila eneo. Atakayetoa mashine zake za zamani sasa atapewa mpya Desemba, moja kwa moja, bila kuongeza hata senti. Zile za zamani zitapelekwa kwa watoto yatima. Yatima huwa hawakosekani katika mipango ya namna hii. Kabla hajamaliza, Sulaimani alikuwa amemvuta nje kumwomba asimpe Okidi, na aliporudi ndani Okidi akamvuta kumwomba asimpe Sulaimani. Masinde akawaahidi wote wawili kwa moyo mkunjufu, kwani ahadi ndicho kitu pekee alichokigawa bila uchoyo.

Kesho yake asubuhi Sulaimani alifika wa kwanza, jasho likimtoka, na mashine mbili zisizo na vifuniko, zimefungwa kwa vipande vya tyubu. Masinde alirudi nyuma hatua moja.

"Hii ni nini? Nipeleke mifupa kwa kampuni?"

"Lakini ssebo, hizi zinacheza vizuri! Jana tu watu walipiganira zamu!"

"Wacha nikuambie, bwana. Kampuni inaangalia sura. Sitaki kitu iko uchi. Leta zenye zimevaa."

Sulaimani, nusura alie, akarudi Ggaba mbio akaleta mbili nyingine kutoka stoo, zimefunikwa vizuri, zimefutwa vumbi. Okidi alileta moja aliyoipaka mafuta ya kujipaka mpaka ikawa inateleza. Alikuwa akitabasamu peke yake. Masinde alidhani ni furaha ya mjinga, na hakujisumbua kuwaza zaidi.

"Na wewe, mama?"

"Mimi hapana kataa," alisema Akwero. "Chukua hizi mbili zinacheza. Lakini za rafu, hapana! Hizo naheshimu sana. Hata watoto hapana gusa."

Ukimnyima tapeli kitu umemuuzia. "Hizo za chini baki nazo, mama, ufugie kuku," Masinde alisema, akinyoosha mkono juu. "Mimi nataka za rafu. Zote tatu."

Akwero alilalamika, akashika kichwa, akamtaja Oloya na jua la Somalia. Mwishowe akalainika. Aliteremsha mashine mwenyewe, akavikunja vitambaa, akazitia kwenye magunia pamoja na zile tatu za wenzake. Kisha akasimama mlangoni.

"Sasa leta kiatu."

"Kiatu gani?"

"Sheria ya hapa. Unachukua padi moja, unaacha kiatu moja. Wewe unachukua mashine sita. Ukileta mpya, unachukua vitu yako."

Masinde akacheka, akavua viatu vyote viwili. Akwero akavipokea kwa heshima. "Hiyo ni mbili," alisema. "Inabaki."

Bwana yule alitazama magunia, akaliona akilini bango la Bungoma limewashwa taa, akaona ni upumbavu kupoteza ukumbi mzima kwa ajili ya nguo. Akavua koti. Akavua saa. Akatoa simu. Kompyuta yake, aliyoitumia kuonyesha picha za kampuni, aliing'ang'ania kidogo, lakini Okidi alikuwa amesogea karibu na mlango, na mlango ule ulikuwa mwembamba. Padi mpya nayo akawaachia kwa ukarimu, ili wazoee. Akaondoka na malapa ya kuazima, magunia yakiwa juu ya boda mbili, akijipongeza njia nzima hadi kwenye basi la Busia.

Bungoma alipokelewa kwa vigelegele. Nabangala alikuwa amechinja kuku wawili. Mchungaji akaziombea mashine moja baada ya nyingine, kisha zikachomekwa kwenye umeme. Hata taa nyekundu haikuwaka. Mchungaji akaomba tena, safari hii kwa sauti. Ndipo Travis, fundi redio wa pale stendi, akafungua skrubu za mashine ya kwanza. Ndani mlikuwa na familia ya mende. Ya pili ilikuwa na gazeti. Nyingine hazikuwa hata na gazeti.

"Boss, umenunua majeneza," alisema Travis, na ndugu wote walikuwa wakisikia.

Masinde alinyakua simu ya dada yake, akapiga namba yake mwenyewe.

"Haloo?" ilikuwa sauti ya Akwero, na nyuma yake makelele ya wachezaji.

"Mama! Zote zimekufa!"

"Eee, hizo zilikufa zamani. Tulitoa vitu ya ndani kidogo kidogo, kuponya zingine. Mimi nilikuambia chukua zinacheza. Wewe ulisema nifugie kuku."

"Lakini zilikuwa safi! Zimefunikwa!"

"Kwa joto ya hapa mashine mzima haivai nguo, itaungua. Ikivaa, ujue ni marehemu. Hiyo kila mtu ya ukumbi anajua. Wewe kampuni ilikufundisha nini?"

Masinde alijitazama: hana koti, hana saa, malapa ya mtu miguuni. Nyuma yake Nabangala alikuwa akiwaomba wageni wale kuku kabla hawajapoa, akikwepa kumtazama kaka yake usoni. Ilimuuma, na simwonei huruma.

"Na viatu vyangu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Viko. Leta mashine mpya, uchukue. Sheria ni sheria."

Havikukaa sana. Oloya alikuja likizo, akavijaribu, vikambana kidogo, akavivaa hivyo hivyo kwenda kanisani. Ile padi Akwero aliipatia kazi siku ile ile Masinde alipoondoka. Aliibandua kisahani chake, akakisugua rangi ikatoka, akakiweka kando ya ndoo mlangoni na kipande cha sabuni juu yake, kwa sababu waendesha boda hushika padi na mikono yenye mafuta ya chapati. Matundu yale yanatoa maji vizuri sana.

Sulaimani bado hupita kuuliza kama kampuni imepiga simu, maana kile kitufe cha kujisifu hakijamtoka moyoni. Akwero humwambia anawe mikono kwanza.