Falsafa Aipendayo Mkufunzi

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbaya. Mkufunzi wa chuo cha ualimu anakuja Alhamisi kunikagua nikifundisha. Mara ya kwanza nilianguka. Dada kasema nikianguka tena, nikasafishe mabanda ya kuku ya shemeji. Shemeji ameshaninunulia gambuti. Tena saizi yangu! Watu hawa hawana imani nami hata chembe.

Lakini mimi si wa kulala. Nimempigia simu karani wa chuo, nikamsifia sauti, nikamchomekea swali: mkufunzi anapenda falsafa gani ya elimu? Udhanifu, kasema. Mawazo kwanza, vitu baadaye. Safi sana. Vitu sina.

Jumanne, 5 Machi

Nimefanya majaribio. Niliwaambia wanafunzi wafumbe macho, wawaze pembetatu isiyo na dosari, ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuichora. Kimya cha ajabu! Nikajiona mwanafalsafa kamili. Kisha mmoja akakoroma. Mkuu wa shule akachungulia dirishani, akauliza kuna msiba wa nani. Nikamweleza kuwa tunatafuta ukweli wa milele. Akasema tuutafute macho yakiwa wazi.

Miwani alicheka mpaka akashika mbavu. Huyu ni mwanachuo mwenzangu, tunagawana meza. Yeye alifaulu mara ya kwanza. Eti kila jioni anaandaa somo. Mtu hana maisha.

Jumatano, 6 Machi

Balaa! Karani amepiga. Alichanganya watu. Yule mdhanifu alishastaafu. Anayekuja ni wa upragmatiki. Kwake mtoto hujifunza kwa kutenda, na wazo hupimwa kwa matokeo yake. Haya, pembetatu kwaheri.

Somo la kesho: mashine ndogo. Watoto watafungua kitasa, wakitazame ndani, wakirudishe. Miwani kanishauri nitumie kitasa kibovu kilichoko stoo, na nikifungue kwanza mwenyewe nione. Kijicho tu hicho. Nitatumia cha mlango wa darasa. Ni kikubwa, na kinang'aa.

Alhamisi, 7 Machi



Mwanzo ulikuwa asali. Mkufunzi nyuma na faili lake, mlango umefungwa, watoto wamekizunguka kitasa, bisibisi zinafanya kazi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mara mbili! Nimeona kwa macho yangu. Ndipo springi ikaruka, ikatokea dirishani, ikaenda zake. Mlango ukagoma. Nikavuta, nikasukuma, nikaubembeleza.

Mkufunzi akauliza kwa upole somo linaishaje. Nikasema kwenye upragmatiki tatizo halisi ndilo mwalimu bora. Akasema tatizo lake halisi ni choo. Watoto wakashangilia. Miwani ndiye aliyeleta ngazi. Mkufunzi akatokea dirishani kinyumenyume, suruali ikanasa kwenye komeo, ikachanika mbele ya shule nzima. Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze. Niliyaona na mabanda ya kuku.

Ijumaa, 8 Machi

Sikuanguka! Pia sikufaulu. Mkufunzi ameandika kuwa nikaguliwe upya na mwenzake, kwani yeye hana mpango wa kurudi hapa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Miwani alinikuta mezani nimejiinamia. Hakunicheka. Aliniambia kuwa falsafa si nguo ya kuazima kwa ajili ya mgeni. Niamue ninachokiamini kuhusu watoto wale, kisha niandae somo. Machozi yalinilenga. Kweli kabisa, nimekuwa mpuuzi. Nilimshika mkono, nikamwahidi nimebadilika.

Nikampigia karani. Mkufunzi mpya ni wa udhanaishi. Anaamini kila mtu ajichagulie njia yake na awe mkweli kwa nafsi yake, bila kuiga mtu. Kabla ya somo anataka ukurasa mmoja, mwalimu aeleze kwa maneno yake mwenyewe yeye ni nani. Falsafa nzuri mno! Imenigusa moyo. Hii ndiyo yangu, sitaiacha tena.

Nimemwomba Miwani aniandikie.