Arlo Tollefson na Vita vya Bomba la Bawa la Kushoto

Kaeni vizuri, enyi wapenda mashujaa, na mwenye koleo mkononi aliweke chini kwa adabu, maana leo anasifiwa Arlo Tollefson wa Wisconsin, mbabe wa gereji, aliyeunda ndege kwa mikono yake miaka kumi na mmoja pasipo kuinuka ardhini hata unene wa kidole.

Adui yake siku hiyo alikuwa na urefu wa dhiraa tano na upana wa kidole gumba: bomba la alumini lililolala ndani ya bawa la kushoto. Nyaya tatu za taa zilipaswa kulipenya kabla ya jua kuzama, kwani Arlo, katika saa ya majivuno, alimwapia mkewe Marlys mbele ya majirani kwamba zisipopita kufikia Siku ya Shukrani, ile sikukuu ya Wamarekani ya kula bata mzinga, ndege itahamia ghalani kwa kaka yake, na gari la Marlys litapata gereji. Siku ya Shukrani ndiyo hiyo, na bata mzinga alikwisha kuiva.

Akashambulia, nyaya zikakwama kwenye kona ya bomba. Akazipaka poda ya watoto, akashambulia tena. Zikakwama palepale, naye akatoka mweupe kama andazi lililoangukia unga.

"Ewe bomba!" alinguruma. "Nyaya umeziona, Tollefson hujamwona!"

"Limekuona tangu asubuhi," alisema Marlys mlangoni, funguo za gari mkononi. "Na wageni wanakusikia. Njoo ule, mume wangu."

"Shujaa hali!"

Kisha shujaa akaketi juu ya ndoo, akalia machozi ya kweli. Marlys alimwonea huruma, akajichukia kwa huruma hiyo, akarudi na mashine ya kuvuta vumbi, uzi na donge la pamba.

"Funga uzi kwenye pamba, itie upande huo. Mimi navuta huku."

"Haramu! Sheria yataka zaidi ya nusu ya ndege niijenge mwenyewe!"

"Basi mimi niweke kwenye hiyo inayobaki. Shika uzi."

Mashine ikavuma, pamba ikapita, uzi ukafuata, nyaya zikafungwa kwenye uzi nazo zikafuata kwa utiifu mkubwa, na taa ikawaka nyekundu kwenye ncha ya bawa. Arlo akapanda juu ya ndoo, akawahutubia majirani walioalikwa kula, wakapiga makofi huku sahani zao zikipoa.

Basi na iandikwe, vizazi visome: saa tisa na nusu alasiri, bomba lilishindwa na Arlo Tollefson, peke yake. Wakati huo Marlys alikuwa nje, akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake, kipupwe cha kumi na mbili gari hilo likilala nje ya gereji.