Manyoya ya Komando

Jumatatu, 4 Agosti

Habari kubwa! Jumamosi kikundi chetu cha wakulima hapa Golbanti kinamchagua mkuu wa walinzi wa mahindi. Mkuu atakaa kwenye dungu, lile jukwaa la miti shambani, juu kabisa, penye kivuli, amtume mbwa wake kuwafukuza nyani. Wengine wote watachimba mfereji. Mimi na jembe hatujawahi kuelewana. Dungu ni langu! Sharti ni moja tu: uwe na mbwa mzuri. Nami ninaye Komando.

Jioni nikamkagua. Mungu wangu! Masikio yamebaki uchi. Viwiko vimenyonyoka. Tumboni pana kipara kama chapati. Jirani yangu Martin, mwenye lile jibwa la manyoya tele, Simba, akachungulia uani na kuniuliza kinyozi wa Komando anaitwa nani. Nikacheka naye. Alipoondoka nikaacha.

Mke wangu Tamar anasema nimpigie afisa wa mifugo kule Garsen. Afisa! Kwa mbwa! Nitamtibu mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

Nimesoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Kumbe mbwa hunyonyoka kwa sababu nyingi: viroboto, kupe, wadudu wa upele, fangasi, chakula kibaya, hata mawazo. Palikuwa na maneno mengi kuhusu kumpeleka kwa daktari, hapo nikapita haraka. Nimechagua mawazo. Ndiyo yenye tiba rahisi!

Mchana nikalala naye mkeka mmoja, nikamkumbatia, nikamsimulia habari za dungu. Alifurahi sana. Tamar amesema mkeka ule usirudi ndani.

Jumatano, 6 Agosti

Mikono inaniwasha. Mbu wa mwaka huu hawana adabu.

Mawazo siyo. Kipara kimefika mgongoni. Lakini fundi wa pikipiki amenipa siri: oili chafu ya injini! Anasema kila mtu huitumia. Nikampaka Komando kuanzia kichwani hadi mkiani. Akang'aa! Martin alikuwa anatazama, nikapiga mluzi.

Kisha Komando akajikung'uta kando ya kamba ya nguo. Ilikuwepo sare ya kanisani ya Tamar. Aliyosema sitayaandika.

Kisha Komando akajilamba. Akatapika mara nne, akalala ubavu, nikimwita haitiki. Niliogopa. Nilimshika kichwa nikamwomba msamaha kwa sauti, Martin akisikia, wala sikujali. Tamar akamwosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu bila kunitazama. Saa kumi na moja akanywa maji, akatikisa mkia kidogo. Nililia, basi.

Alhamisi, 7 Agosti

Komando amekula! Dungu limerudi kichwani mwangu.

Nilikwenda kwa Dukicha, mfugaji wa Kiorma, nikamkuta ananyunyizia ng'ombe wake dawa ya kupe. Nikaomba kikombe kimoja tu. Akakataa. Alisema dawa ile imepimwa kwa ng'ombe, na mbwa aliyetapika jana akipakwa leo atakufa. Mkono wangu hakuushika. Aliniaga kwa mbali, akitazama vidole vyangu vikiikuna shingo. Yule ana wivu, ingawa sijajua wa nini.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata! Nani alisema kipara lazima kitibiwe? Kinafunikwa! Nimeikata jezi yangu ya zamani, namba kumi, nikaishona kwa mkono, nikamvika Komando. Sare ya mlinzi! Kuna mbwa gani mwingine Tana nzima mwenye sare?

Nimejikuna tumbo kwa furaha mpaka likatoka damu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilikaribia! Nilikaribia kabisa! Mwenyekiti wetu Christabel aliisifu jezi mbele ya watu wote. Simba wa Martin akaonekana mshamba. Afisa wa mifugo, Abdulsalam, alikuwepo pia, amekuja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, lakini sikumjali. Mikono ikaanza kuinuliwa kwa ajili yangu.

Ndipo Komando akaketi, akajikuna. Jezi ikapanda mpaka shingoni, mgongo wote nje. Na wakati huohuo, Mungu ananiona, mimi nilikuwa nalikuna kwapa. Mkono wangu na mguu wake vilikwenda pamoja. Watu wakamtazama yeye, wakanitazama mimi, wakarudi nyuma hatua tatu. Mikono ikashuka.

Abdulsalam akavaa glavu, akamchunguza, akasema ni wadudu wa upele. Akamdunga sindano, akaagiza ya pili baada ya wiki mbili. Nichome magunia anayolalia. Asikaribiane na mbwa wengine. Oili nisiiguse tena. Kisha akanigeukia.

"Mbwa wako atapona, mzee. Wewe nenda zahanati."

Dungu kapewa Martin.

Jumatatu, 1 Septemba

Wiki ya tatu mferejini. Viganja vimechubuka, mgongo haunyooki. Martin hunipungia kofia kutoka juu.

Lakini Komando ameota manyoya! Meusi, laini, mpaka kwenye viwiko! Mimi pia nimepona. Sindano ilisaidia, sikatai. Ila nikifikiri vizuri, nani aliyeianza kazi? Oili! Ndiyo iliyowalegeza wale wadudu. Abdulsalam hawezi kulikubali hilo, ana cheo cha kulinda.

Na leo habari kubwa! Christabel anatafuta msimamizi wa kuku wa kikundi. Kazi ya kukaa! Kivulini! Anataka mtu ambaye kuku wake wana afya. Tunao sita, wote wazuri, isipokuwa yule mwekundu aliyenyonyoka shingo tangu juzi. Tamar amesema nimpigie Abdulsalam. Namba ameiandika ukutani kwa mkaa, kubwa. Nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Kuku nimeshamkamata. Mkebe wa oili nimeutoa chini ya kitanda, umebaki nusu. Komando ameuona, akainuka, akaruka ua, akaenda kulala kwa Martin. Nimemwita mara tatu, hageuki.

Nadhani ni mawazo.