Mfungo wa Inchi Moja na Nusu

Jumanne, 6 Agosti 1996. Kakuma.

Jumamosi wanaandikisha askari polisi Lodwar. Kimo: futi tano, inchi nane. Mimi: futi tano, inchi sita na nusu. Nimeshakataliwa mara mbili. Mwakani nitakuwa nimepita umri, kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho. Binamu yangu Etabo, ambaye hata kamba za viatu hufungiwa na mkewe, ana futi sita. Haki iko wapi?

Mchana nilikuwa kambi ya wakimbizi kwa Mamer, rafiki yangu Msudani anayefundisha sayansi. Yeye kimo anacho, kitambulisho cha Kenya hana. Kanieleza kwamba mtu mwenye afya akikaa siku mbili bila kula, homoni ya ukuaji hupanda mara kadhaa katika damu. Mara kadhaa! Akaanza kusema kwamba hata hivyo iko nyingine. Mimi nilikuwa nishatoka mlangoni.

Jumatano, 7 Agosti.

Nimeanza. Maji tu. Nimechora alama ya mkaa kwenye mwimo wa mlango, sawa na utosi wangu. Upepo umevuma kutwa, mchanga umeingia hadi kitandani. Shemeji Akiru, mke wa kaka, kaniuliza, "Wewe nakula ama napea mbwa?" Nikamwambia niko kwenye matibabu. Akampa mbwa. Hata kubembelezwa kidogo, hakuna!

Jioni nimepima. Nusu inchi juu ya mkaa! Nimepiga magoti nikashukuru.

Alhamisi, 8 Agosti.

Inchi nzima na ushee! Upepo bado, njaa inauma vibaya. Halafu balaa: mjomba Abei kachinja mbuzi kutubariki mimi na Etabo kabla ya safari. Tumepakwa kifuani majani mabichi ya tumboni mwa mbuzi, sawa. Kisha ikaja nyama. Kukataa nyama ya baraka yako mwenyewe ni kumtukana aliyechinja. Basi nikatafuna hewa, nyama nikaitia mfukoni. Etabo alikula yake na ya jirani. Mjomba akaniuliza hali, nikajibu "ejok, ejok" huku mfuko ukichuruzika mafuta. Shati langu jeupe la pekee! Mbwa watatu wamenisindikiza mpaka nyumbani.

Ijumaa, 9 Agosti.

Nimefupika! Nimerudi pale pale kwenye mkaa. Akiru aliamka mapema, akazoa mchanga wote wa mlangoni, ndoo mbili. Anasema siku zote hizi nilikuwa nikisimama juu ya mchanga, na mwenye macho aliona. Upuuzi mtupu. Ni yale mafuta niliyolamba kidoleni jana, yameharibu kila kitu. Nimedandia lori la Lodwar, tumbo tupu, hasira tele. Etabo alikula ndizi njia nzima.

Jumamosi, 10 Agosti. Lodwar.

Meno, sawa. Kifua, sawa. Nyayo, sawa. Ubao wa kupimia: futi tano, inchi sita na nusu. Nikamweleza sajini habari za homoni. Akasikiliza, akapima tena: sita na robo, kwa sababu sasa magoti yalikuwa yanatetemeka. Kikanijia kizunguzungu nikamwangukia miguuni. Akadhani nambembeleza! Nikatolewa uwanjani kwa kushikwa makwapa.

Etabo kachukuliwa. Akanishika bega, akasema pole ndugu yangu. Niliweza kuvumilia yote isipokuwa hiyo pole. Nimekwenda nyuma ya stoo moja ya mahindi nikalia. Miaka mitatu naiota ile sare.

Jumapili, 11 Agosti. Kakuma.

Mamer kanimalizia maelezo. Homoni ya ukuaji hupanda ukifunga, ndiyo, ili mwili utumie mafuta yake. Lakini ile ya pili, inayotoka kwenye ini na kuhimiza mifupa ikue, hiyo hushuka. Na tena mifupa ya mtu wa umri wangu imeshajifunga. Sasa haya si angeniambia Jumanne? Watu wengine wana roho mbaya.

Hata hivyo nimeshika la muhimu: ini. Nimeshaagiza kichinjioni maini ya mbuzi wanne. Akiru kauliza kama ni ya nyumba nzima. Nimemwambia asiguse hata kipande. Nasikia Novemba magereza wanaandikisha, na huko umri wanafika mpaka ishirini na minane. Namwonea huruma atakayenipima. Itabidi apande kiti.