Makalio ya Sungura wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Mama mkwe amekwenda kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia. Atakaa hospitali ya macho mpaka Jumapili. Asubuhi aliipokea shikamoo yangu kwa tabasamu, nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe ni chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani. Mimi ni dobi. Nafulia uani mwaka wa kumi na nne sasa, wateja wanapitia jikoni kuleta mashuka yao. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni kinyozi. Ananyolea barazani, na mvua ikinyesha mteja anarudi kwake nusu kichwa. Wote wawili tunakitaka hicho chumba. Nyumba ni ya Mama, na ufunguo anauvaa shingoni.

Amesema hivi: ananiachia sungura wake, Bibi Harusi. Akirudi amkute nyuma safi na nyuma kavu, chumba changu. Akimkuta mchafu vile alivyomkuta mwezi uliopita, chumba cha shemeji. Mtu asiyeweza kuangalia makalio ya sungura mmoja, alisema, mlango wa barabarani atauangaliaje?

Bibi Harusi ni mweupe pe pe pe. Huko nyuma sivyo. Manyoya yamegandamana, yamelowa, yananuka. Nilicheka kimoyomoyo. Doa! Mimi napewa mtihani wa doa!

Tatizo moja tu, hanipendi. Nikiingia ananipa mgongo. Akiingia shemeji, anamkimbilia miguuni. Nimempa ndizi mbivu, kimyakimya. Kaila yote. Urafiki huanza hivyo.

Jumanne, 5 Agosti

Maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga, beseni la soksi. Nilipigwa teke la kidevu. Sikujua sungura ana miguu ya namna ile! Alitoka mweupe, lakini chepechepe.

Hili naliandika kwa kumbukumbu, maana mke wangu ameshawaambia majirani kwamba nilimwanika sungura. Sikumwanika. Nilimweka ndani ya kikapu, nikakitundika kikapu kwenye kamba. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Juu alikauka. Chini, kule kunakohusika, maji matupu. Mke wangu akasema sungura haogeshwi, namtafutia ugonjwa bure. Nikamuuliza dobi humu ndani ni nani. Ndizi mbili kwa Bibi Harusi, kumwomba radhi.

Jumatano, 6 Agosti

Maajabu! Nyuma chafu kuliko jana. Na nilivyomsugua vile! Nashuku maji ya bomba.

Nimebadili mbinu. Wanga wa kupigia pasi, unga mkavu, vijiko vitatu, nikampaka pote. Nilisahau kuwa bado kuna unyevu. Wanga na unyevu ni gundi. Kufika saa sita Bibi Harusi alikuwa na makalio magumu kama kola ya shati jipya. Kazi nzuri sana, kama ingekuwa shingoni.

Shemeji alipita, akasimama, akauliza sungura ana sherehe gani leo. Kisha akajifanya mjuzi: yale manyoya yapunguzwe hewa ipite, na mnyama apewe majani makavu, basi. Nikamjibu kinyozi hajinyoi. Kweli, kichwa chake mwenyewe ni kichaka. Mke wangu akalitazama shati langu kwa muda mrefu. Lina doa la chai kifuani. Sikuelewa alikuwa anamaanisha nini.

Kuubandua ule wanga kulimchukua mke wangu saa nzima na kitambaa. Sungura anatetemeka. Nikampa ndizi na kipande cha keki, atulie.

Alhamisi, 7 Agosti

Nepi! Mbona sikuwaza mapema? Nimeishona kwa leso ya mwalimu mkuu, mteja wangu wa siku nyingi, ile iliyotariziwa herufi za jina lake. Pamba safi, inanyonya. Nikaifunga kwa utepe.

Bibi Harusi alikaa nayo robo saa. Halafu akaanza kuila. Akaimaliza, herufi na zote. Saa nane mwalimu mkuu akaja kuuliza leso yake. Nikamwambia iko hatua ya mwisho.

Jioni nikaona inzi. Wawili, wanne, kisha wengi. Wanatua palepale. Bibi Harusi hakuwafukuza. Hata mgongo hakunipa, alilala tu. Ndizi aliinusa akaiacha. Acha niseme, kwa kuwa hakuna anayesoma humu: niliogopa. Sikukifikiria hata kile chumba.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimempeleka kwa daktari wa mifugo, ndani ya kikapu kilekile. Daktari ni mama wa maneno machache. Alimgeuza sungura, akamtazama, akanitazama mimi, akashusha pumzi.

Akasema nina bahati. Mayai ya inzi yapo, hayajaanguliwa. Ningechelewa siku moja tu, funza wangeanza kumla akiwa hai, na Jumapili asingeiona. Niliomba kiti.

Mayai akayatoa kwa kitana, moja moja. Kisha amri. Beseni marufuku. Manyoya ya nyuma yakatwe. Pafutwe kwa kitambaa na pakaushwe mpaka ndani. Matandiko yabadilishwe kila siku. Chakula majani makavu na maji, basi. Akauliza kama kuna mtu anampa vitu vitamu, kwa sababu utamu huharibu tumbo, na tumbo likiharibika nyuma haitakauka hata ukiipiga pasi. Nikasema hapana, daktari, ni majani tu. Ndizi sikuitaja. Ndizi si chakula, ni salamu.

Sasa nani akate? Nilishika mkasi, nikauweka chini. Nikamwita shemeji.

Alimwacha mteja barazani na povu kidevuni. Akaketi chini, akamlaza Bibi Harusi mapajani, akakata kwa mkasi wa masharubu, polepole, huku anamnong'oneza. Sungura akafumba macho. Siku tano namhudumia, kwangu hajawahi kufumba macho. Iliniuma. Na shemeji alijua fika kwamba kila unywele anaoukata anajinyima chumba. Alipomaliza akanawa mikono, akarudi kwa mteja wake. Hakungoja asante, nami sikumpa.

Jumamosi, 9 Agosti

Muuza matunda hajafungua tangu jana, kaenda harusini. Nimekosa ndizi siku mbili, Bibi Harusi ananywa maji na kutafuna majani makavu kama maskini. Aibu imenijaa.

Lakini nyuma! Safi! Kavu! Nimepapasa mara tatu. Wengine watasema mkasi, wengine watasema daktari. Mimi najua. Jana walipotoka wote, nilimpitishia kitambaa chenye tone la bluu, ile ya kung'arisha nguo nyeupe. Mkia umebaki samawati kidogo, ila ukavu wake si wa kawaida. Miaka kumi na minne haiendi bure.

Jumapili, 10 Agosti

Mama amerudi saa nne, jicho limefunguliwa. Amevaa gauni jeupe nililolifua na kulinyoosha mwenyewe. Alitazama kuta, akatazama dari, akanitazama mimi, akasema hakujua nimezeeka hivi.

Akampakata Bibi Harusi. Akapapasa, akageuza, akainama akanusa. Akauliza mkia mbona samawati. Nikamwambia ni jicho jipya hilo, Mama, litazoea. Shemeji akakohoa tu. Muungwana yule, sikatai.

Mama akavua ufunguo shingoni, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa bado na joto. Nilitaka kulia.

Kutoka nje nakuta muuza matunda amefungua. Jamani, asiye na shukrani si mtu. Chumba hiki amenipatia nani? Ndizi tatu, zilizoiva mpaka zina madoa. Nilimlisha chini ya meza. Alizila mkononi mwangu, zote, na akafumba macho. Naapa! Akafumba macho!

Saa nane alirudi mapajani kwa Mama. Mama akasinzia naye. Saa kumi na moja akaamka, akainua mikono yote miwili juu, akaliangalia gauni lake kwa jicho jipya.

Gauni lile halitakuwa jeupe tena. Nasema kama fundi.

Hakunigombeza. Alinyoosha mkono tu, nikamrudishia ufunguo. Mke wangu akaniuliza mbele ya watu nilimpa nini yule mnyama. Majani, nikasema.

Jumatatu, 11 Agosti

Shemeji amehamia chumba cha mbele. Kioo kikubwa, viti viwili, mteja wa kwanza saa moja asubuhi. Bibi Harusi amejilaza mlangoni kwake, jua linampiga. Shemeji ameniletea taulo kumi na mbili za kufua, akasema kona ya dirishani iko wazi nikitaka kuweka meza yangu ya pasi. Nimemwambia nitafikiria. Sina haja ya kuhurumiwa.

Mwalimu mkuu amekuja tena. Leso bado iko hatua ya mwisho.

Nimekaa kwenye ndoo uani, nimetafakari sana, bila hasira. Kosa langu nimeliona. Ndizi zile ziliiva kupita kiasi. Lakini alifumba macho mkononi mwangu, hilo hakuna wa kunipokonya. Nimeshanunua papai.