Kompyuta Namba Saba Imempa Mke Wangu Onyo la Mwisho

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,
Ghorofa ya pili, mlango unaozuiwa na kiti.

KUHUSU: MASHINE YA OFISI KUINGILIA NDOA YA MTUMISHI

Ndugu Mkuu,

Salamu nyingi kutoka masijala. Huku chini wenzangu hawajambo. Mwenye jambo ni mimi peke yangu, na jambo lenyewe limetoka kwenye mashine yako. Mimi ni karani kwa miaka kumi na tisa sasa, na sijawahi kulalamika zaidi ya mara nne kwa mwaka, kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho.

Mke wangu ameondoka nyumbani. Yeye ni fundi cherehani na alikuwa akishonea sebuleni. Jumapili ya juzi nilimwambia, wateja wake wawili wakiwa wamekaa pale pale, kwamba ameigeuza nyumba yangu kiwanda. Alikunja vitambaa, akabeba cherehani yake, akaenda kwa dada yake. Leo ni siku ya tisa. Nyumba iko kimya, kimya kile kile nilichokuwa nakidai, na kimenishinda.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu, nikiwa bado na hasira, nilimwandikia barua kwenye kompyuta namba saba. Desturi yetu masijala unaijua: hatuanzi barua mpya, tunafungua ya zamani na kuandika juu yake. Mimi nilifungua barua ya onyo aliyopewa dereva mtoro. Nikatoa jina la dereva, nikaweka la mke wangu, nikaongeza aya moja ya kwangu. Mengine niliyaacha kwa sababu yalikuwa yameandikwa vizuri. Kisha nikaihifadhi, na mashine ikakubali bila hata kunishauri.

2. Alhamisi hasira zilikuwa zimepoa. Nikafungua faili lile lile, nikafuta yote, nikaandika barua ya kuomba radhi. Mkuu, barua ile ilikuwa tamu. Nilimwita mke wangu kwa jina nililokuwa nikimwita enzi za uchumba, ambalo hapa silitaji kwa kuwa na wewe una wasaidizi wanaosoma barua zako. Katibu muhtasari wetu aliichungulia begani kwangu bila ruhusa, akaishia kutafuta leso. Nikiwa nawaza neno la kumalizia, umeme ukakatika.

3. Umeme uliporudi, kompyuta ilitangaza kwamba imeuokoa waraka wangu. Nikaishukuru, nikachapa, nikampa tarishi. Kumbe iliyookolewa ni ya Jumatatu. Ya Alhamisi ilikufa maji.

4. Hivyo mke wangu alipokea barua yenye namba ya kumbukumbu, juu imeandikwa "Onyo la Mwisho Kuhusu Kutohudhuria Kazini", ikimtaka ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba na arudishe mali yote ya ofisi, zikiwemo funguo za gari. Sisi hatuna gari. Shemeji, huyo dada yake, ananiambia mwanzoni mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akafika kwenye ile aya yangu, kwamba ufundi wake ni kelele tu, akaikunja barua, akaifunika cherehani, na siku ile hakushona tena. Hapo ndipo paliponiuma.

5. Chini ilikuwepo orodha ya nakala. Palipoandikwa Mkuu wa Utumishi nilikuwa nimeweka mama mkwe, na palipoandikwa Chama cha Wafanyakazi nikaweka shemeji, kwa hasira tu, si kwa nia ya kutuma. Tarishi wetu ni mtu wa kazi. Bahasha huwa tunampa ikiwa wazi ili aandikishe barua kwenye daftari lake, naye akaiona orodha, akatoa nakala, akazisambaza zote kwa baiskeli na kurudi na saini za mapokezi. Saini ya mama mkwe imetoboa karatasi.

6. Nilibonyeza Tendua, kile kitufe cha kurudisha ulichokosea. Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi, haikurudi hata nukta. Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki, nasi tungebaki na msemo wetu, lakini kwenye mafunzo yenu mlitwambia kuwa kwa kompyuta hakuna kosa lisilorudishika. Tulipiga makofi. Mimi nikaenda nyumbani na imani hiyo hiyo, nikafungua mdomo Jumapili.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, nipewe cheti chenye muhuri kinachosema kwamba aliyeandika barua ile ni mashine. Naomba pia uende mwenyewe kwa mama mkwe ukamweleze maana ya nakala zinazojihifadhi. Nenda asubuhi, kabla hajachoka. Mwisho, naomba kitufe cha Tendua kiunganishwe na sebule yangu, nayo irudishwe nyuma hadi Jumapili ile saa nne asubuhi. Kama nyaya hazifiki, nitanunua nyingine kwa gharama zangu.

Wasalimie mafundi wako wote, yule wa printa, na yule ambaye dawa yake kwa kila ugonjwa ni kuzima na kuwasha. Usimsahau mama wa chai.

Ni mimi, ninayekuamini wewe kuliko mashine zako,
Karani Mkuu wa Masijala.

Baada ya saini: Nimeirudia barua hii kabla ya kuifunga, na namba ya tatu nimeona nimedanganya. Kompyuta ilileta barua mbili, ya Jumatatu na ya Alhamisi, ikaniuliza naitaka ipi. Nilizisoma zote. Ile tamu ilinitia haya, nikajiambia mwanamume mzima haombi hivi. Nikachagua ya Jumatatu kwa kidole changu mwenyewe. Mashine ikaniuliza tena kama nina hakika, nikabofya ndiyo. Cheti usikiandike. Kompyuta namba saba haina kosa lolote. Barua hii utaikuta mezani, mimi nimeshatoka kwenda kwa shemeji. Bosi akiniulizia, mwambie nimekwenda kuomba radhi kwa mdomo, na sijui kama nitarudi na mtu.