Setilaiti Zenu Zimeshuka Mno

Mheshimiwa Mkuu wa Setilaiti Zinazopita Chini,

Natumai hujambo na kazi inakwenda. Mimi ni dereva wa gari la mitungi ya gesi, mwaka wa kumi na nne huu, na sijawahi kukosana na kitu chochote kilichoko angani. Ila nyinyi, samahani, mmezidi.

1. Setilaiti za zamani zilikuwa mbali huko juu, zina adabu zao. Nikiingia uchochoroni nyuma ya maghorofa zinanipoteza, bosi akiuliza namwambia mtandao ulikata, anaguna, yameisha. Zenu zinapita karibu, ishara zinapenya hadi chini ya ngazi. Jumatatu bosi kanisomea: mlango wa tatu kushoto, dakika arobaini na moja na sekunde tisa. Sekunde tisa, jamani! Hizo nilikuwa nafunga kamba za viatu.

2. Nyuma ya mlango huo hakuna mchepuko, kama wenzangu wanavyonitania. Yupo mama yangu. Siku hizi anasahau kama amekula, na nisipokaa naye mezani hali kitu. Bosi hataki kusikia habari za mama. Kasema nikisimama pale tena, nitafute kazi nyingine.

3. Kwa hiyo naomba mzipandishe kidogo, kila siku saa saba mchana hadi saa nane kasorobo. Kama haziwezi kupanda, basi zitazame pembeni.

Nisalimieni mafundi wote, walinzi wa geti, na yule anayezirusha, mwambieni apumzike. Mama naye anawasalimu, ingawa ameniuliza mara tatu nyinyi ni akina nani.

Wenu nionekanaye kila mahali,
Dereva wa Gari Namba Nne

N.B. Barua nimeandika kwa mkono, siichani, lakini mambo yamegeuka. Leo nikiwa jikoni nampashia chakula, mama kachomoa garini kile kidude chenu kinachomwonyesha bosi gari liko wapi, akidhani ni redio yake, kakitia kapuni, huyo kaondoka. Nimezunguka mtaa mzima nikimwita. Mara bosi kapiga simu anafoka: kwa nini gari lake limepita katikati ya duka la vitambaa, na sasa limeegeshwa kwenye ngazi za posta? Nimemkuta hapo hapo, ameketi, kapu mapajani. Nilipomweleza bosi, akaniuliza kama mama ameshakula.

Malalamiko yote nimeyafuta. Msizipandishe hata shubiri moja, na kama zinaweza kushuka zaidi, zishuke.